Maswali ya wasomaji: barua pepe za kitapeli kazini

Safari hii tumekusanya maswali yanayohusu barua pepe za kitapeli zinazoingia ofisini, zile zinazojifanya zimetoka kwa bosi, benki, mteja au fundi wa kompyuta, kumbe zinatafuta nywila yako au pesa za kampuni. Anwani zote za mfano zimejengwa juu ya example.com na example.net, majina yaliyotengwa rasmi kwa ajili ya mifano, ili msomaji asije akabonyeza akajikuta pasipostahili.

Ndugu wahariri, mimi ni mhasibu. Msambazaji wetu wa siku nyingi ameandika kwamba amebadilisha akaunti ya benki, na ankara ijayo ilipwe kwenye akaunti mpya. Anwani ni yake ileile, na barua imekuja kama jibu ndani ya mazungumzo yetu ya zamani. Bosi anataka malipo yatoke leo. Nilipe?

Usilipe bado. Anwani kuwa ya kweli hakuthibitishi kwamba aliyeandika ni mwenyewe.

Utapeli wa aina hii huanza kwa kuibiwa nywila ya mtu mmoja upande wa msambazaji. Mwizi akishaingia kwenye sanduku la barua la mtu huyo, hatumi chochote kwanza. Anasoma. Anatafuta maneno kama "ankara" na "malipo", anajua nani humlipa nani, kiasi gani, tarehe gani, na mnaandikianaje. Kisha anaweka kanuni ya kuchuja barua, ili kila inayotoka kwako iingie moja kwa moja kwenye folda ambayo mwenye sanduku haifungui kamwe. Ndipo anapokujibu ndani ya mazungumzo yenu, kwa lugha ileile, na ankara ileile iliyobadilishwa nambari ya akaunti tu. Ukimwandikia kuuliza kama ni kweli, atakayekujibu "ndiyo, ni kweli" ni huyohuyo mwizi.

Kwa hiyo hakikisha kwa njia nyingine. Piga simu, tena kwa nambari uliyokuwa nayo kabla ya barua hii kufika: ile iliyo kwenye mkataba au kwenye faili la msambazaji. Nambari iliyoandikwa chini ya barua usiiguse, na simu watakayokupigia wao isikutoshe, maana siku hizi hata sauti huigwa. Omba kuzungumza na mtu unayemfahamu. Akipatikana, mwambie akusomee yeye nambari ya akaunti mpya huku wewe ukilinganisha. Usimsomee wewe, kwa sababu mtu mwenye haraka huitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikiliza tarakimu. Andika jina lake, saa na nambari uliyopiga, halafu mtu wa pili ofisini asaini badiliko hilo kabla ya kuingizwa kwenye mfumo.

Usidhani kampuni kubwa zina kinga. Kati ya 2013 na 2015, raia wa Lithuania aitwaye Evaldas Rimasauskas alisajili kampuni yenye jina sawa na la Quanta Computer, watengenezaji wa vifaa wa Taiwan ambao kweli walikuwa wakifanya biashara na Google na Facebook. Akatuma ankara na mikataba bandia, na kampuni hizo mbili zikalipa zaidi ya dola milioni 100 kabla ya mambo kugundulika. Alihukumiwa kifungo cha miaka 5 mwaka 2019. Nchini Marekani peke yake, kituo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kiliripoti hasara ya takriban dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 kutokana na utapeli wa malipo kupitia barua pepe za kazini.

Kuhusu bosi: simu hiyo ni ya dakika tano, na malipo bado yanaweza kutoka leo. Lakini si haki mhasibu asimame peke yake mbele ya mkubwa wake kila akaunti inapobadilika. Omba kampuni iandike kanuni kwamba akaunti mpya hailipwi mpaka ithibitishwe kwa simu, hata agizo likitoka kwa mkurugenzi. Hapo utakuwa unafuata utaratibu, na hakuna atakayesema unambishia mtu.

Kama pesa zimeshatoka, ipigie benki yako saa hiyohiyo, waombe wazirudishe au waombe benki iliyopokea izizuie, kisha utoe taarifa polisi. Mwizi huhamisha pesa kwenda akaunti nyingine mapema iwezekanavyo, kwa hiyo kila saa ina thamani yake.

*

Kila mafunzo tunaambiwa "kagua kiungo kabla ya kubonyeza". Mimi ni katibu muhtasi, nakikagua, naona herufi na alama tele. Hasa naangalia nini?

Swali zuri, kwa sababu ushauri huo hutolewa nusu. Kwenye kompyuta, weka kishale juu ya kiungo bila kubonyeza, na anwani halisi itaonekana pembeni, aghalabu chini ya dirisha upande wa kushoto. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie mpaka anwani itokee. Maneno yaliyoandikwa kwenye kiungo chenyewe hayana uzito, kwani mtu anaweza kuandika anwani ya benki huku chini yake akaweka anwani nyingine kabisa.

Sasa chukua mfano huu: https://example.com.uhakiki.example.net/ingia. Ruka ile https:// ya mwanzo, kisha nenda mpaka kwenye mkwaju (/) wa kwanza unaofuata. Kipande kilichobaki katikati ndicho jina la tovuti: example.com.uhakiki.example.net. Kisome kuanzia kulia. Vipande viwili vya mwisho ndivyo vinavyotaja mwenye nyumba, na hapa ni example.net. (Kwa miisho yenye sehemu mbili kama .co.uk, hesabu vipande vitatu.) Kila kilicho kushoto kwake, pamoja na ile example.com iliyowekwa mbele ili ikutulize, huandikwa na mwenye example.net apendavyo, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kilicho baada ya mkwaju nacho hakithibitishi kitu: example.net/example.com/ingia bado ni ya example.net. Alama ya @ ndani ya kiungo ni hatari zaidi. Katika https://example.com@example.net, kivinjari hukichukulia kilicho kabla ya @ kama jina la mtumiaji na kukupeleka example.net. Kistari nacho si nukta. Jina la kampuni yenu likiongezewa kistari na neno "malipo" ni jina jipya ambalo yeyote angeweza kulisajili.

Halafu kuna herufi zinazofanana. Herufi r na n zikikaa pamoja, kwenye kioo kidogo husomeka kama m. Herufi ndogo ya l, herufi kubwa ya I na tarakimu 1 hupishana kwa urahisi. Zipo pia herufi za Kisirili, zile za kuandikia Kirusi, ambazo kwa macho hazitofautiani kabisa na a au o zetu. Ukiona jina la tovuti linaanza na xn--, ujue ndani yake mna herufi zisizo za kawaida.

Kwa mtumaji ni vivyo hivyo. Jina linaloonekana mbele ya barua ni maandishi matupu, kila mtu hujaza alitakalo. Programu nyingi za barua kwenye simu huonyesha jina hilo tu, kwa hiyo liguse ili uione anwani yenyewe. Kisha angalia ukibonyeza "jibu" barua itaenda wapi, maana mwizi huweza kuweka anwani ya kupokea majibu tofauti na ile ya kutumia.

Mwenye moyo wa kuchimba zaidi afungue maelezo kamili ya barua na kutafuta mstari wa Authentication-Results. Humo kuna majibu ya vipimo vitatu vya kuangalia kama barua imetoka kweli kwenye kikoa (jina lililo baada ya @ katika anwani) inachokidai: spf, dkim na dmarc. Barua inayodai kutoka kwa mwenzako wa ofisini ikiwa imeandikwa dmarc=fail, ipeleke kwa watu wa TEHAMA. Ikiwa imeandikwa pass, usifurahi mapema. Hiyo ina maana tu kwamba kikoa kilichotajwa ndicho kilichotuma, na mwizi aliyesajili kikoa chake cha kufanana hupata pass kama mtu mwingine.

Pamoja na yote hayo, macho huchoka, na mifumo mingi ya ulinzi hubadilisha viungo kuwa virefu visivyosomeka. Kwa hiyo sisi hupendelea njia iliyo rahisi zaidi: usiingie kwenye akaunti yoyote kupitia kiungo cha barua. Fungua kivinjari, andika anwani unayoijua au tumia alamisho yako. Na tumia programu ya kutunza nywila. Programu hiyo hujaza nywila kwenye anwani ileile ilikohifadhiwa tu, haidanganywi na herufi zinazofanana. Siku ikikaa kimya mbele ya ukurasa unaoufahamu, usinakili nywila kwa mkono. Simama, usome anwani tena.

*

Ukurasa ulionitaka niweke nywila una alama ya kufuli. Si ndiyo dalili ya usalama?

Hapana. Kufuli husema kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa ili wengine njiani wasiyasome. Halisemi upande wa pili yupo nani. Cheti chake hupatikana bure kwa dakika chache, na matapeli wanavyo. Chrome iliibadilisha alama hiyo mwaka 2023 kwa sababu watu wengi waliielewa kama ulivyoielewa wewe.

*

Shikamooni. Mimi ni mfanyakazi mpya. Jana jioni nilipata barua kwamba sanduku langu limejaa, nikabonyeza na kuweka nywila. Ukurasa ukasema nimekosea, nikaiweka tena, ndipo ukanipeleka kwenye ukurasa wetu wa kweli. Nilipogundua nikabadilisha nywila. Sijamwambia mtu, naogopa kufukuzwa. Inatosha?

Marahaba. Kubadilisha nywila ulifanya vema, ila haitoshi. La kwanza ni kuwaambia watu wa TEHAMA leo hii, kwa simu au kwa kwenda mwenyewe. Usiwaandikie barua pepe, maana kama mwizi bado yumo ndani ya sanduku lako, ataisoma kabla yao na kuifuta.

Ule ujumbe wa "umekosea" uliwekwa makusudi. Ukiandika nywila mara mbili, mwizi ana hakika hukukosea herufi, na ukurasa wa kweli mwishoni hukufanya uamini hakuna kilichotokea. Waambie ilikuwa saa ngapi, uliandika nini, ulitumia kompyuta au simu, na kama kuna msimbo wowote uliouweka au ombi ulilolikubali. Barua yenyewe usiifute. Itume kwao kama kiambatisho, kwa sababu ukiisambaza kwa kawaida, maelezo ya njia iliyopitia hupotea, na hayo ndiyo wanayoyahitaji.

Kuna mambo hubaki wazi hata nywila ikibadilishwa, na hapa ndipo wengi huumia mara ya pili. Anza na vifaa vilivyokwisha kuingia: nenda kwenye mipangilio ya usalama na uondoe vyote, kwani katika mifumo mingi aliye ndani huendelea kubaki ndani kwa muda. Fungua kanuni za barua na mipangilio ya kusambaza. Tafuta kanuni usiyoijua, hasa yenye jina fupi kama nukta moja tu, inayofuta au kuhamisha barua zenye maneno "nywila" au "ankara", au inayotuma nakala kwa anwani ya nje. Kagua nambari za simu na vifaa vilivyosajiliwa kwa uthibitishaji wa hatua mbili, maana mwizi huongeza cha kwake ili arudi kesho. Kagua programu zilizopewa ruhusa ya kusoma barua zako. Ruhusa hiyo mara nyingi haifi kwa kubadilisha nywila, mpaka uiondoe yenyewe. Pitia barua zilizotumwa na zilizofutwa uone kama kuna waliokwisha kuandikiwa kwa jina lako, na uwapigie. Mwisho, popote pengine ulipotumia nywila hiyohiyo, ibadilishe huko pia.

Kama ulipakua faili ukalifungua, hali ni nyingine. Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, lakini kompyuta yenyewe iache inawaka mpaka mafundi waseme, kwani baadhi ya ushahidi hukaa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Nywila ibadilishie kwenye kifaa kingine. Ukiibadilishia hapohapo penye programu hasidi, unamkabidhi mwizi nywila mpya.

Kuhusu kufukuzwa, hatuwezi kumsemea mwajiri wako. Tunachokijua ni kwamba aliyetoa taarifa mapema huwapa mafundi nafasi ya kuifuta barua hiyo kwenye masanduku ya wenzake ambao bado hawajaifungua. Wewe ni mmoja tu kati ya walioipokea. Nenda sasa hivi, mdogo wetu.

*

Kazini tuna uthibitishaji wa hatua mbili, na bado mwenzetu ameibiwa akaunti. Imewezekanaje?

Njia ziko zaidi ya moja. Ya kwanza ni ukurasa unaokaa katikati. Unachokiandika hupelekwa papo hapo kwenye tovuti ya kweli, nywila na msimbo pamoja. Misimbo ya programu za simu kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30, lakini mtambo wa mwizi unahitaji sekunde mbili tatu tu. Tovuti ya kweli ikishakubali, hutoa kidakuzi (cookie), yaani alama inayohifadhiwa na kivinjari, kinachosema "huyu ameshathibitishwa", na mwizi hukichukua hicho. Kuanzia hapo haihitaji nywila wala msimbo.

Ya pili ni kumchosha mtu. Mwizi mwenye nywila tayari hutuma maombi ya kuidhinisha mfululizo, usiku na mchana, mpaka mwenye simu abonyeze "kubali" ili apumzike. Ndivyo Uber ilivyovamiwa Septemba 2022: mkandarasi mmoja aliyekuwa akipata maombi hayo hatimaye alikubali moja. Ombi usilolianzisha wewe likataliwe, nywila ibadilishwe na TEHAMA waambiwe, maana ombi hilo linaonyesha kwamba kuna mtu anayeijua nywila yako.

Kinachoziba tundu la kwanza ni funguo za usalama, zile za kuchomeka kwenye kompyuta au zilizo ndani ya simu, zinazofuata kiwango cha FIDO2. Ufunguo huo hujibu anwani uliyosajiliwa kwayo tu, kwa hiyo mbele ya ukurasa bandia hautoi kitu. Mwaka 2022 wafanyakazi watatu wa Cloudflare, kampuni ya huduma za intaneti, waliweka nywila zao kwenye ukurasa bandia, lakini wavamizi hawakuweza kuingia kwa sababu kila mfanyakazi alitakiwa kuwa na ufunguo wa aina hiyo. Mkiwa bado hamna bajeti ya kila mtu, anzeni na wahasibu, wakurugenzi na wasimamizi wa mifumo. Wengine waendelee na misimbo. Ina udhaifu, lakini humzuia mwizi aliyenunua nywila tu.

*

Viambatisho gani nisivifungue?

Vya .html na .htm hufungua ukurasa wa kuombea nywila ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Vya .iso, .img, .lnk, .js na .exe havina kazi katika barua ya ofisi ya kawaida. Faili la .zip lenye nywila, nayo nywila imeandikwa kwenye barua hiyohiyo, limefungwa ili mtambo wa ukaguzi usione ndani. Windows huficha miisho ya majina ya faili isipobadilishwa, hivyo ankara.pdf.exe huonekana kama ankara.pdf. Hati ya Word au Excel inayokusihi uruhusu makro (programu ndogo zilizofichwa ndani ya hati) uifunge. Tangu 2022 Microsoft huzizuia makro zilizotoka kwenye intaneti, na anayekuelekeza namna ya kukwepa kizuizi hicho hakutakii mema. Msimbo wa QR ndani ya PDF nao unakutoa kwenye kompyuta inayolindwa na ofisi na kukupeleka kwenye simu yako isiyolindwa na mtu.

Na barua iliyotupwa kwenye folda ya barua taka usiikimbilie kuiokoa. Uvamizi wa kampuni ya usalama wa kompyuta ya RSA mwaka 2011 ulianza kwa faili la Excel lililoitwa "2011 Recruitment plan", ambalo mfanyakazi alilitoa kwenye folda hiyohiyo akalifungua.

*

Naongoza ofisi ya watu 40. Tunatuma barua za majaribio, na anayebonyeza anakatwa posho. Mwaka unaisha, idadi haipungui. Tukaze zaidi?

Msikaze. Acheni kukata posho kabisa. Mkikata, mnawafundisha watu kuficha, na siku barua ya kweli itakapobonyezwa mtajua mwishoni, pesa zimekwenda. Katika watu 40 daima atakuwepo mmoja aliyechoka au mwenye haraka. Pimeni kitu kingine: ni wangapi walitoa taarifa, na wa kwanza alitoa baada ya dakika ngapi. Wekeni kitufe kimoja cha kuripoti ndani ya programu ya barua, na kila anayeripoti ajibiwe siku hiyohiyo, hata kama barua ilikuwa halali. Asiyejibiwa mara mbili, ya tatu haripoti.

Jichunguzeni na nyinyi wakubwa. Idara ya utumishi ikituma dodoso kupitia tovuti ya nje na kudai watu waingie kwa nywila ya kazini "kabla ya saa sita", inawazoesha kutii barua za kitapeli. Matangazo ya ndani yawekwe mahali pamoja panapojulikana, na barua iseme tu kwamba yapo.

Upande wa mafundi, ulizeni kama kikoa chenu kina DMARC, yaani agizo kwa wanaopokea kuhusu barua zinazofeli vipimo vile, na iko katika kiwango gani. Ikiwa p=none, inatazama tu. Someni ripoti zake kwa wiki kadhaa, rekebisheni huduma zote zinazotuma barua kwa jina lenu, kisha pandeni hadi quarantine (zitengwe kama barua taka) na baadaye reject (zikataliwe), ili mwizi asiweze kutumia anwani yenu halisi kuwadanganya wateja. Kinachoharibika mara nyingi ni SPF, orodha ya mitambo inayoruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu: ina kikomo cha maulizo 10 ya DNS (daftari la majina ya intaneti), na kila huduma mpya ya matangazo inayoongezwa hula baadhi yake, mpaka siku moja ankara zenu halali zinaanza kukataliwa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinataka DMARC kwa watumaji wa barua nyingi (kwa Google, 5,000 au zaidi kwa siku), lakini ofisi ya watu 40 inaihitaji hata ikituma 50.

Posho zilizokwisha kukatwa zirudisheni, na tangazo la kuzirudisha libebe jina la kitufe cha kuripoti na nambari ya simu ya mtu wa TEHAMA anayepokea taarifa usiku.